Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutazama tamthilia mpya Nairobi

Nikimwambia mtu kwamba Ijumaa jioni nitakuwa ukumbini kutazama tamthilia mpya, maswali huanza papo hapo. Mengi hujirudia. Karibu yote hutoka kwa watu wanaopenda hadithi, wanaofanya kazi mjini au jirani yake, ila hawajawahi kununua tiketi hata moja. Majibu haya ni yao. Nimeandika kuhusu Nairobi kwa kuwa ndiko ninakotazama. Aliye Mombasa, Kisumu au Nakuru atachukua yanayomfaa.

Tamthilia mpya huonyeshwa wapi hasa?

Anzia Kenya National Theatre, Barabara ya Harry Thuku, mkabala na hoteli ya Norfolk na karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Watu huuita KNT, au National tu. Ukumbi huo uko chini ya Kenya Cultural Centre, ambalo ni shirika la umma. Ulifungwa kwa ukarabati ukafunguliwa upya Septemba 2015. Katika ua huo huo kuna Ukumbi Mdogo, unaofaa michezo ya waigizaji wawili watatu. Humo hadhira hukaa karibu sana na jukwaa, unaona hadi jasho kwenye paji la uso wa mwigizaji. Ukiniuliza mimi, mchezo mpya wenye maneno mazito hunoga zaidi humo kuliko katika ukumbi mkubwa.

Kisha kuna Alliance Française, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, penye makutano ya barabara za Loita na Monrovia, katikati ya mji. Jirani yake ni Goethe-Institut, kituo cha Wajerumani, ambacho nacho hupokea michezo, hasa ya majaribio. Maonyesho ya muziki na yale yanayotarajia umati mkubwa mara nyingi huenda Visa Oshwal, Westlands. Braeburn, Barabara ya Gitanga, ni shule lakini ina ukumbi wa maana na hukodisha.

Wakongwe watakutajia Phoenix, pale Professional Centre, Parliament Road. Kundi hilo lilianzishwa na James Falkland miaka ya 1980, na waigizaji wengi unaowaona leo kwenye runinga walipikwa pale. Siku hizi halipo tena mahali hapo, kwa hiyo usiende kuubisha mlango.

Nitajuaje kuna mchezo gani wiki hii?

Usingoje gazeti. Fuata kurasa za kumbi na za vikundi vyenyewe kwenye Instagram na Facebook: Heartstrings kwa vichekesho, Nairobi Performing Arts Studio kwa maonyesho makubwa, Prevail Arts kwa tamthilia za watunzi wa hapa, Too Early for Birds kwa historia yetu iliyosimuliwa kwa mbwembwe. Vikundi vingi vina orodha ya WhatsApp. Ukiingizwa, bango litakufikia mapema kabla tiketi za bei nafuu hazijaisha. Na ukipita Harry Thuku, simama langoni usome mabango.

Nilisikia mchezo unasifiwa Jumatatu, nikautafuta, kumbe umekwisha. Kwa nini?

Hili ndilo ningependa kila msomaji alielewe kuliko mengine yote. Tamthilia mpya Nairobi kwa kawaida huishi wikendi moja. Inaanza Alhamisi au Ijumaa, Jumamosi na Jumapili inaonyeshwa mara mbili kwa siku, alasiri na jioni, na Jumapili usiku waigizaji hao hao unawakuta nyuma ya jukwaa wakibomoa mandhari na kupakia mbao kwenye pikapu.

Sababu ni pesa. Ukumbi hukodishwa kwa siku. Kikundi kinalipia pia mahali pa mazoezi, taa, sauti, maleba, mabango na nauli za waigizaji, na karibu fedha zote hizo zinatarajiwa kurudi kupitia mlangoni. Hatuna kampuni ya taifa ya maigizo inayolipa mishahara mwaka mzima. Iliwahi kuwapo. Seth Adagala, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Kenya National Theatre mnamo 1968, alisimamia kampuni pamoja na shule ya uigizaji pale pale. Leo mwigizaji anafanya mazoezi jioni baada ya kazi nyingine, kwa wiki kadhaa, ili aonekane jukwaani siku tatu au nne.

Sasa tazama yanayotokea. Alhamisi viti vingi ni vitupu. Walioingia wanarudi nyumbani wanawaambia wenzao. Ijumaa watu wanaongezeka, Jumamosi ukumbi unachangamka, Jumapili jioni umejaa pomoni na watu wanageuzwa mlangoni. Sifa zinafika kileleni siku mchezo unapozikwa. Kwa hiyo, ukiona bango lenye jina la mtunzi wa hapa, nenda usiku wa kwanza au wa pili. Kiti chako cha Alhamisi kina uzito kuliko cha Jumapili, kwa sababu mtayarishaji huhesabu vichwa vya siku za mwanzo anapoamua kama mchezo unastahili kurudi baada ya miezi michache. Iliyorudi ilirudi kwa njia hiyo.

Tiketi ni pesa ngapi, na nanunua vipi?

Nyingi ni kati ya shilingi 500 na 2,000. Maonyesho ya muziki yenye bendi na waigizaji wengi hupanda zaidi. Unalipa kwa M-Pesa, unapokea ujumbe au msimbo kwenye simu, unauonyesha mlangoni. Tiketi za mapema huwa nafuu kuliko za siku yenyewe, na mwanafunzi aulize bei yake akiwa na kitambulisho, kwani vikundi kadhaa huwapunguzia.

Usiombe tiketi ya bure kwa sababu unamfahamu mwigizaji. Nasema hivi kwa moyo mweupe: rafiki wa msanii ndiye anayepaswa kulipa kwanza.

Huigizwa kwa lugha gani?

Kiingereza ndicho kingi, kikichanganywa na Kiswahili na Sheng jinsi watu wa mji wanavyozungumza kwenye matatu. Vichekesho ndivyo vinavyochanganya zaidi. Kuna vikundi vinavyoigiza kwa Kikuyu na lugha nyingine za mama, na hadhira yao ni waaminifu ajabu. Watu hutoka Kiambu na Murang'a na familia nzima. Msingi wake ni wa zamani. Miaka ya 1990 Wahome Mutahi aliipeleka michezo ya siasa kwa Kikuyu ndani ya baa na vilabu, na watu walilipa kuitazama palepale walipozoea kula nyama choma.

Kiswahili kitupu, kwa watu wazima, kwa tamthilia mpya, ni kichache. Hilo linaniuma. Kiswahili jukwaani kimeachiwa zaidi wanafunzi na vitabu teule vya mtihani, kana kwamba mtu akishamaliza kidato cha nne hahitaji tena kusikia lugha hii ikiigizwa. Na si kwamba haiwezi. Mwaka 2012, tamasha la ukumbi wa Globe mjini London lilipoalika tamthilia za Shakespeare kwa lugha mbalimbali za dunia, waigizaji wa Afrika Mashariki walipeleka kichekesho chake cha wake wa Windsor kwa Kiswahili, tafsiri ya Joshua Ogutu, naye Mrisho Mpoto wa Tanzania akicheza lile zee tapeli, Falstaff. Hadhira ya London ilicheka. Ya Nairobi nayo itacheka ikipewa nafasi.

Nitajuaje kama mchezo ni mpya kweli?

Soma maandishi madogo kwenye bango. "Imetungwa na" ni habari tofauti na "imeelekezwa na". Kwa miaka mingi vikundi vya vichekesho vilichukua michezo ya Waingereza, vikabadilisha majina, London ikawa Lavington, kasisi akawa mchungaji, basi. Ilichekesha na ilijaza kumbi, wala siidharau, maana ilifundisha waigizaji wetu kuhesabu muda wa kicheko. Lakini mkwaruzano wa mume aliyemficha hawara kabatini haukuwa wa kwetu, na ilionekana.

Tamthilia iliyoandikwa hapa utaitambua kwa matatizo yake. Shamba la marehemu ambalo ndugu hawaelewani. Mtoto aliyerudi kutoka Ghuba akiwa amenyamaza. Kamati ya harusi inayogeuka kamati ya matanga. Mhusika anayetaka kazi ya serikali na mjomba anayeijua njia. Ukisikia sentensi jukwaani na moyo ukakwambia "huyu ni shangazi yangu", hapo umefika.

Nivae nini?

Nguo zako. Beba sweta, hasa kati ya Juni na Agosti.

Sijawahi kuingia ukumbi wa maigizo. Kuna adabu gani?

Fika nusu saa kabla. Maonyesho mengine huchelewa kuanza, lakini kuna waelekezi wanaofunga milango saa iliyotajwa na wako sahihi. Zima simu kabisa. Kuinyamazisha hakutoshi, kwa sababu mwanga wa kioo katika giza unaonekana na kila aliye nyuma yako na hata na mwigizaji. Usirekodi video. Mchezo mpya ndiyo mali pekee ya mtunzi, na kipande kilichovuja mtandaoni chenye siri ya mwisho kinaweza kumpunguzia hadhira ya siku zilizobaki.

Ukichelewa, simama nyuma usubiri taa zipungue kati ya tukio na tukio ndipo utafute kiti. Maji ruhusa. Chipsi na kuku ziache nje, harufu yake hukaa ukumbi mzima.

Je, naruhusiwa kucheka kwa nguvu, au hata kumjibu mwigizaji?

Kucheka, ndiyo, kwa nguvu zako zote. Kuhusu kujibu, inategemea mchezo. Katika vichekesho, kelele za hadhira ni sehemu ya kazi, na mwigizaji mzuri huingoja kelele ile ishuke kidogo ndipo atupe neno linalofuata. Katika mchezo mzito, ukimya ndio unaowabeba.

Ila kuna wakati hadhira yenyewe haijizuii. Niliwahi kutazama mchezo ambao mwanamke alikaa jikoni akimenya viazi, viazi vya kweli, kwa kisu cha kweli, maganda yakidondoka ndani ya karai la plastiki. Mumewe alikuwa anamweleza alikokuwa usiku uliopita. Mwanamke hakumtazama. Kadiri uongo ulivyoongezeka, maganda yalizidi kuwa manene, mpaka akawa anakata kiazi chenyewe na kukitupa karaini pamoja na ganda. Mama mmoja safu ya nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, "Amejua." Ukumbi mzima ulimsikia. Mwigizaji naye alimsikia, kwa sababu kisu kilisimama. Akakaa hivyo, labda sekunde tano, mume akiendelea kuongea. Nina hakika usiku uliotangulia kisu hakikusimama mahali pale.

Wanaoniuliza kwa nini nisibaki nyumbani na runinga huwa nawasimulia hilo.

Naweza kwenda peke yangu?

Ndiyo, na wengi huenda hivyo.

Watoto je?

Uliza umri kabla ya kulipa. Tamthilia mpya za jioni mara nyingi zina matusi, vifo na mambo ya chumbani, na si kila bango husema. Kuna maonyesho ya watoto, hasa wakati wa likizo.

Kwa wanafunzi wa sekondari, kuna vikundi vinavyozunguka na michezo ya vitabu teule, asubuhi za katikati ya wiki, mabasi ya shule yakiwa yamepangana nje. Nawashauri wazazi na walimu wasiichukue kama njia ya kukwepa kusoma kitabu. Mwanafunzi asome kwanza, kisha aende aone mwelekezi alivyoamua, halafu wabishane darasani. Na mwanafunzi akiipenda, mpeleke baadaye kwenye tamthilia isiyo na mtihani.

Kufika na kurudi usiku ni salama?

Kwenda KNT kutoka katikati ya mji ni mwendo mfupi wa miguu. Pita bustani ya Jeevanjee, vuka University Way, ingia Harry Thuku. Mchana na jioni ya mapema njia ina watu. Onyesho la jioni huisha mwendo wa saa tatu au saa tatu na nusu usiku, na wakati huo usitembee peke yako kurudi stendi. Ungana na wenzako, au agiza teksi ukiwa bado ndani ya ua, palipo na taa na walinzi. Asiyependa usiku achukue onyesho la alasiri ya Jumamosi au Jumapili: atatoka bado kuna mwanga.

Kwa nini watu huongea kuhusu National kana kwamba ni mahali pa vita?

Kwa sababu palikuwa. Ukumbi ulifunguliwa Novemba 1952 na mwigizaji wa Kiingereza Ralph Richardson, wiki chache tu baada ya gavana kutangaza hali ya hatari nchini. Nje, watu walikuwa wanakusanywa na kutiwa kizuizini. Ndani, walowezi walikuwa wanatazama michezo ya kwao. Uhuru ulipokuja, jina "National" lilibaki ubaoni lakini kalenda iliendelea kwa muda mrefu kujaa michezo ya Ulaya.

Oktoba 1976 tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi iliingia pale. Ngũgĩ ameeleza jinsi usiku wa kwanza ulivyokwisha: waigizaji walishuka wakiimba na kucheza kupitia katikati ya viti, hadhira ikainuka ikaungana nao, wote wakatoka nje ya jengo wakiwa bado wanacheza. Mwaka uliofuata yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika *Ngaahika Ndeenda* (Nitaolewa Nikipenda) pamoja na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakaiigiza kwa Kikuyu katika ukumbi wa wazi waliojijengea wenyewe. Serikali iliipiga marufuku Novemba 1977, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ akakamatwa, akawekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Februari 1982 kundi la Kamĩrĩĩthũ lilipaswa kuonyesha mchezo mpya National. Wakakuta milango imefungwa. Walihamia Chuo Kikuu kuendelea na mazoezi, na watu wakajazana huko kuyatazama mazoezi hayo mpaka nayo yakazuiwa. Ukumbi wao wa Limuru ulibomolewa na polisi mwaka huo huo.

Mnamo Mei 2022, *Ngaahika Ndeenda* iliigizwa National, kwa Kiingereza na kwa Kikuyu, ikiwa imeelekezwa na Stuart Nash. Ngũgĩ alifariki Marekani Mei 2025, akiwa ameishi hadi kusikia kwamba mchezo ule umeingia mlango ule.

Je, siku hizi michezo bado huzuiwa?

Si kama zamani, lakini usidhani jambo limekwisha. Aprili 2025, kwenye tamasha la kitaifa la maigizo ya shule huko Nakuru, wasichana wa shule ya Butere walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, kisha wakaondoka bila kuigiza. Mtunzi wao, Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa na polisi, na hadhira ilikuwa imefukuzwa kwa mabomu ya machozi. Mahakama Kuu ilikuwa tayari imeamuru waruhusiwe kuigiza. Mwaka 2013 mchezo mwingine wa shule hiyo hiyo ulikuwa umezuiwa, na suala hilo nalo likafika mahakamani.

Kwa mtazamaji wa kawaida Nairobi, hakuna atakayekuuliza kwa nini umeingia. Tamthilia za siasa huonyeshwa, na watu hucheka majina ya wakubwa yakitajwa. Ninachoomba ni kwamba mchezo ukizuiwa, tusinyamaze kwa sababu hatukuwa tumenunua tiketi.

Na mchezo ukiwa mbaya?

Itatokea. Tamthilia mpya ni kazi ambayo haijajaribiwa na mtu. Sehemu ya pili inaweza kulegea, mhusika mmoja anaweza kuhubiri dakika kumi. Ukitaka kuondoka, ondoka wakati wa mapumziko, kimya kimya. Mimi hubaki. Mara nyingi tukio moja zuri hujificha karibu na mwisho, na ninapenda kujua mtunzi alikuwa anaelekea wapi.

Ukiandika maoni yako, taja kilichokosekana kwa jina: taa, sauti isiyofika nyuma, mazungumzo marefu, mwisho wa haraka. "Haikuwa poa" haimsaidii mtu.

Naweza kuongea na waigizaji baadaye?

Ndiyo, na hapa Nairobi ni rahisi kuliko miji mingi. Wapishe robo saa wabadilishe nguo, kisha utawakuta uani. Baadhi ya maonyesho huwa na mazungumzo rasmi na mtunzi na mwelekezi; hayo usiyakose.

Nimeandika tamthilia. Naanzia wapi?

Usianze na ukumbi mkubwa. Kusanya watu sita wanaojua kusoma kwa sauti, kaeni sebuleni, waisome yote huku wewe umefunga mdomo na kalamu iko mkononi. Utasikia mwenyewe mahali wanapokwama na mahali wanapoacha kutazamana. Andika upya. Kisha itafutie usomaji wa wazi mbele ya watu wachache, kwenye chumba kidogo, kabla hujaanza hesabu za kukodi taa.

Unapoenda kwa mwelekezi, mpe kurasa kumi za mwanzo na muhtasari wa ukurasa mmoja, na uwe umeshatazama angalau mchezo mmoja alioufanya. Waelekezi huulizana hilo kwanza kuhusu mtunzi mgeni: huwa anakuja kutazama?